Kompyuta Mpakato Isiyo na Mfumo Endeshi: Namna ya Kuiandaa kwa Usalama na kwa Kufuata Sheria

Kompyuta mpakato imekuwa kifaa cha lazima kwa wananchi wengi wa Wilaya ya Lushoto. Mhitimu wa kidato cha sita huihitaji anapoomba mkopo wa elimu ya juu. Katibu wa kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu huihitaji anapoandaa andiko la mradi kwa ajili ya mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Mfanyabiashara huihitaji anapoomba leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI au zabuni kupitia mfumo wa NeST. Kwa familia nyingi, fedha ya kununulia kifaa hicho hutokana na mavuno ya viazi, kabichi na karoti, hivyo kila shilingi ina uzito wake.

Madukani zipo kompyuta mpya zinazouzwa kwa bei ya chini kuliko nyingine zenye sifa zilezile. Mara nyingi sababu ya unafuu huo ni moja: kompyuta hizo huuzwa bila mfumo endeshi. Mnunuzi asiyefahamu jambo hilo hufika nyumbani Mtae, Mlalo au Mnazi, akaiwasha kompyuta na kukuta skrini nyeusi yenye maneno machache. Hudhani ameuziwa kifaa kibovu. Wengine huirudisha dukani kwa nauli ya pili, na wengine humkabidhi mtu wa kwanza anayedai kujua kompyuta. Makala hii inaeleza maana ya hali hiyo, uchaguzi alio nao mwananchi, hatua za kufuata na hatari za kuepuka.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kazi zote za kompyuta. Ndiyo inayopokea maandishi kutoka kwenye kibodi, kuonyesha picha kwenye skrini, kuhifadhi mafaili kwenye diski, kuwasiliana na printa na kuunganisha kompyuta na intaneti. Programu nyingine, kama zile za kuandikia barua au kukokotoa hesabu, hufanya kazi juu yake.

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi inaweza kufananishwa na basi jipya lililoegeshwa stendi ya Mombo. Injini ni nzima, matairi ni mapya na mafuta yamo, lakini dereva hayupo. Basi hilo halina ubovu wowote, ila haliwezi kupanda kona za kuelekea Soni na Lushoto hadi dereva apatikane.

KWA NINI HUUZWA HIVYO?

Mfumo endeshi wa Windows ni mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, na mtengenezaji wa kompyuta hulipia leseni kwa kila kompyuta anayoiuza ikiwa nao. Gharama hiyo huingizwa katika bei. Anapouza kompyuta bila Windows, bei hushuka na mnunuzi huachiwa uhuru wa kuchagua mfumo anaoutaka.

Baadhi ya kompyuta hizo huwekewa FreeDOS, mfumo mdogo wa bure ulioanzishwa mwaka 1994. FreeDOS huthibitisha kuwa kompyuta inawaka, lakini hupokea amri za kuandikwa tu na hauwezi kuendesha kivinjari cha kisasa. Kwa mahitaji ya kawaida ya mwananchi, kompyuta yenye FreeDOS ni sawa na isiyo na mfumo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi asome lebo ya boksi. Maneno kama "FreeDOS", "DOS" au "No OS" yanaonyesha kuwa Windows haimo. Aidha, amwombe muuzaji aiwashe kompyuta mbele yake, amuulize kama dhamana itaendelea baada ya mfumo mpya kusakinishwa, na adai risiti ya kielektroniki inayotaja aina ya kompyuta. Risiti hiyo ndiyo ushahidi wake iwapo hitilafu itajitokeza.

NJIA MBILI HALALI

Njia ya kwanza ni kununua leseni ya Windows. Toleo linalofaa kwa kompyuta mpya ni Windows 11, linalohitaji walau gigabaiti 4 za kumbukumbu ya RAM, gigabaiti 64 za hifadhi na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0. Huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Kwa hiyo, mwananchi anayewekewa Windows 10 katika kompyuta mpya anapewa mfumo ambao muda wake umekwisha.

Njia ya pili ni kutumia mfumo huria wa Linux, usiohitaji kulipiwa leseni. Kiini cha mfumo huo kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Leo Linux hupatikana katika matoleo mengi, na yanayomfaa zaidi anayeanza ni Ubuntu na Linux Mint. Jina Ubuntu limetoka katika lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika na ni ndugu wa neno letu "utu". Mradi huo uliasisiwa na Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004. Tanzania nayo ina historia katika programu huria: mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice.

Mwananchi achague njia gani? Jibu linategemea kazi. Mifumo mingi ya Serikali ambayo wananchi huitumia, ikiwemo Ajira Portal, TAUSI, NeST na mfumo wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. Haihitaji Windows. Kuandika barua, kutunza mahesabu ya kikundi na kuandaa andiko la mradi hufanyika vizuri kwa LibreOffice, programu ya bure inayoweza pia kufungua mafaili ya Word na Excel. Kwa mtumiaji wa aina hiyo, Linux inatosha na fedha ya leseni hubaki mfukoni.

Hali ni tofauti kwa mwanafunzi wa uchoraji wa ramani za majengo anayelazimika kutumia AutoCAD, au mhasibu ambaye mwajiri wake anatumia programu ya uhasibu inayofanya kazi kwenye Windows pekee. Hao wapange gharama ya leseni tangu mwanzo. Wenye steshenari nao wahakikishe kwanza kuwa printa na skana zao zinakubali Linux. Printa nyingi za HP hufanya kazi bila usumbufu, lakini zipo za kampuni nyingine ambazo hazina programu ya kuziendesha katika mfumo huo.

WINDOWS ILIYOCHAKACHULIWA: RAHISI HUWA GHALI

Ipo njia ya tatu ambayo si halali, nayo imezoeleka mno. Mwananchi huambiwa kuwa atawekewa Windows kwa elfu chache tu. Anachowekewa huwa ni Windows isiyolipiwa, iliyofunguliwa kwa programu ndogo ya kuvunja kufuli la leseni.

Kwanza, jambo hilo ni kinyume cha sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutumia kompyuta kukiuka haki miliki ubunifu za mtu mwingine.

Pili, ni hatari kwa mtumiaji mwenyewe. Programu nyingi za kuvunja kufuli humtaka fundi azime kinga ya virusi kabla ya kuzitumia. Kinga ikishazimwa, programu hiyo inaweza kuingiza nyingine inayonakili nywila kila zinapoandikwa, au inayofunga mafaili yote na kudai malipo. Madhara yake huonekana baadaye. Mwombaji wa ajira hukuta akaunti yake imeingiliwa, na mwenye steshenari aliyehifadhi nakala za vitambulisho vya wateja huziweka taarifa za watu wengine mikononi mwa wahalifu. Fedha iliyookolewa siku ya kwanza haiwezi kulinganishwa na hasara hiyo.

Namna ya kuitambua ni rahisi. Kwenye mipangilio ya Windows, fungua sehemu ya mfumo, kisha sehemu yenye jina "Activation". Leseni halali ya mtu binafsi huonyeshwa kuwa ni leseni ya kidijitali au iliyofunguliwa kwa namba ya bidhaa. Ikiwa maelezo yanasema mfumo umefunguliwa kwa huduma ya taasisi, ilhali kompyuta ni ya mtu binafsi, kuna kila sababu ya kumtaka aliyeisakinisha atoe maelezo. Vilevile, namba za leseni zinazouzwa kwa bei ya kutupa kwenye mitandao ya kijamii mara nyingi ni za taasisi, na Microsoft inaweza kuzifunga wakati wowote.

VITU VYA KUANDAA

Kazi ya kusakinisha inahitaji vitu vinne: kompyuta nyingine inayofanya kazi, diski mweko (flashi) yenye nafasi ya gigabaiti 8 au zaidi, intaneti ya kutosha, na chaja. Flashi iwe tupu, kwa kuwa kila kilichomo kitafutwa.

Faili la Windows 11 na lile la Ubuntu kila moja huzidi gigabaiti 5, wakati la Linux Mint huwa karibu na gigabaiti 3. Kwa anayetegemea kifurushi cha simu, hicho si kiasi kidogo. Inashauriwa kupakua mahali penye mtandao imara, badala ya kuanza kazi bondeni ambako mawimbi hukatika na upakuaji kuishia njiani. Inashauriwa pia kushirikiana: faili la Linux likipakuliwa mara moja, flashi hiyohiyo inaweza kutumika kihalali katika kompyuta zote za kikundi, shule au kijiji. Flashi ya Windows nayo inaweza kutumika mara nyingi, lakini kila kompyuta lazima iwe na leseni yake.

HATUA ZA KUSAKINISHA

1. Pakua faili kutoka kwa mwenyewe. Windows ipatikane kwenye tovuti ya microsoft.com, Ubuntu kwenye ubuntu.com na Linux Mint kwenye linuxmint.com. Faili lililopokelewa kwenye kundi la WhatsApp au kunakiliwa kutoka flashi ya mtu asiyejulikana lisitumike. Kwa Ubuntu, chagua toleo lenye alama ya LTS. Matoleo hayo hutoka kila baada ya miaka 2 na hupewa masasisho ya usalama kwa miaka 5.

2. Hakiki faili. Tovuti za Linux huchapisha alama-hakiki, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na faili lenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri na uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Mfuatano utakaotokea ukilingana na ule wa tovuti, faili ni salama na limekamilika. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili lifutwe na kupakuliwa upya.

3. Andaa flashi. Kunakili faili na kuliweka kwenye flashi kama picha au wimbo hakutoshi, kwani kompyuta haitaweza kuwaka kutokana nalo. Kwa Linux tumia programu ya bure kama Rufus au balenaEtcher. Kwa Windows, Microsoft hutoa programu yake ya kuandaa flashi.

4. Washa kompyuta mpya kwa flashi. Zima kompyuta kabisa, chomeka flashi, kisha washa huku ukibonyeza mara kwa mara kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwashia. Kwa kawaida kitufe hicho ni F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, F9 kwa HP na Esc kwa Asus. Orodha ikitokea, chagua flashi. Mpangilio wa usalama uitwao "Secure Boot" hauhitaji kuzimwa, kwa sababu Windows na Ubuntu zote huukubali.

5. Jaribu kwanza. Ubuntu na Linux Mint huweza kutumika moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Tumia nafasi hiyo kukagua kama intaneti isiyotumia waya inashika, sauti inasikika, kamera inaonyesha na vitufe vyote vinajibu. Kama kuna tatizo, ligundulike kabla ya kusakinisha.

6. Sakinisha. Chagua lugha, aina ya kibodi na eneo la saa, ambalo ni Dar es Salaam. Kwa kompyuta mpya isiyo na mafaili, chagua kutumia diski nzima. Iwapo kompyuta imewahi kutumika, mafaili yote yanakiliwe kwingine kwanza, kwa kuwa hatua hii huyafuta. Windows itaomba namba ya leseni. Anayesubiri kuinunua anaweza kuruka sehemu hiyo na kuiingiza baadaye.

7. Weka jina na nywila. Nywila iwe ndefu na isiwe namba ya simu wala mwaka wa kuzaliwa. Mifumo hii hutoa pia nafasi ya kufunga diski kwa siri, ili anayeiba kompyuta asiweze kusoma yaliyomo. Ni kinga nzuri kwa anayetunza taarifa za kikundi, ila nywila na ufunguo wa akiba viandikwe na kuhifadhiwa mahali salama. Vikipotea, mafaili hayatapatikana tena.

8. Ondoa flashi na uwashe upya. Mfumo ukifunguka bila flashi, kazi imekamilika.

VIKWAZO VYA KAWAIDA

Umeme kukatika. Betri ijazwe kabla ya kuanza na chaja iachwe imechomekwa, ili umeme ukikatika kazi iendelee. Wakati wa masika radi zinapopiga milimani, ni busara kuchomoa chaja kwenye umeme na kuendelea kwa betri.

Intaneti kutoonekana. Windows 11 Home hudai intaneti wakati wa kusakinishwa, na huenda kompyuta mpya isitambue mtandao usiotumia waya. Mara nyingi tatizo hutatuliwa kwa kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB na kuruhusu simu ishiriki intaneti yake.

Diski kutoonekana. Katika baadhi ya kompyuta mpya zenye prosesa za Intel, kisakinishi cha Windows hudai kuwa hakuna diski. Hilo si dalili ya diski kufa. Kinachokosekana ni kiendeshi cha diski, ambacho hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta na kuongezwa kwenye flashi.

Kitufe kutoleta orodha. Jaribu kukibonyeza pamoja na kitufe cha Fn, au badili mlango wa USB. Katika baadhi ya kompyuta za Acer, orodha hiyo huhitaji kuruhusiwa kwanza kwenye mipangilio inayofunguliwa kwa F2.

BAADA YA KUSAKINISHA

Kazi ya kwanza ni kupokea masasisho yote ya mfumo, hata kama yatatumia kifurushi, kwa kuwa ndiyo yanayoziba mianya ya usalama. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows isizimwe. Programu za ziada zipakuliwe kwa wamiliki wake au kwenye duka la programu la mfumo husika.

Kazi ya pili ni kuweka nakala za akiba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kikundi kinachotunza hisa na mikopo ya wanachama kwenye kompyuta, nakala moja ibaki kwenye kompyuta na nyingine kwenye flashi inayotunzwa na kiongozi mwingine, katika nyumba nyingine.

UNAPOMTUMIA FUNDI

Si kila mwananchi atapenda kufanya kazi hii mwenyewe, na wapo mafundi waaminifu wanaoifanya vizuri. Jambo la msingi ni kukubaliana mapema. Mteja amuulize fundi ataweka mfumo gani, toleo lipi, faili limetoka wapi na leseni iko wapi. Ikiwa ni Windows, bei ya leseni na bei ya ufundi zitajwe kila moja peke yake. Mwenye mali akae karibu wakati kazi ikifanyika, na aandike nywila yake mwenyewe. Fundi hahitaji namba ya kitambulisho cha Taifa, wala namba ya siri ya simu, wala nywila ya barua pepe ili kusakinisha mfumo endeshi. Anayeviomba anyimwe.

Kompyuta iliyokwisha kutumika ikipelekwa kwa fundi, mafaili yenye taarifa za watu wengine yaondolewe kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na wajibu huo unamhusu pia mwenye steshenari anayepokea nakala za vyeti na vitambulisho kila siku.

Kwa muhtasari, kompyuta inayouzwa bila mfumo endeshi si mbovu wala si ya bandia. Inaweza kumpunguzia mwananchi gharama, mradi aamue kabla ya kununua kama atalipia leseni ya Windows au atatumia Linux. Wananchi wenye maswali wanashauriwa kuyawasilisha kwa Afisa Mtendaji wa Kata au Kitengo cha TEHAMA, makao makuu ya Halmashauri, Lushoto mjini.